Vietnam: Mikoa 63 yawa 34

Vietnam, mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi za Tanzania, iliunganisha mikoa na majiji yake 63 yakabaki 34 kuanzia Julai 1, 2025: mikoa 28 na majiji sita yaliyo chini ya serikali kuu, likiwemo Hanoi. Ngazi ya wilaya ilifutwa. Chini ya mkoa inafuata kata moja kwa moja.

Linalowagusa zaidi wauza korosho ni Binh Phuoc, kitovu cha ubanguaji, uliounganishwa na Dong Nai. Bandari ya Cai Mep, iliyokuwa mkoa wa Ba Ria-Vung Tau, sasa imo ndani ya Jiji la Ho Chi Minh (gati ni lile lile). Anayenakili ankara ya mwaka 2024 anaandika mkoa usiokuwepo. Anwani mpya ithibitishwe na mnunuzi kabla shehena haijapakiwa.