Changamwe: Wenyewe Walibadilika, Mitambo Ikabaki

Kila bei ya petroli ikipanda, hapa hosteli lazima mtu aulize: kwani kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilikufaje? Mmoja atalaumu serikali, mwingine Wahindi. Mimi mwalimu mtarajiwa wa historia nasema tuanze na miaka.

Shell na BP waliandikisha kampuni 1960, ikiitwa East African Oil Refineries. Kiwanda kikaanza kazi 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Serikali ilinunua nusu 1971, mitambo ya pili ikaongezwa 1974, na 1983 jina likawa Kenya Petroleum Refineries. Mwaka 2009 Essar ya India ikachukua ile nusu nyingine kutoka kwa Shell, BP na Chevron.

Sasa sikilizeni. Miaka hiyo yote kiwanda hakikununua mafuta ghafi. Kilikuwa kama mashine ya kusaga ya kijijini: unaleta mahindi yako, unasagiwa, unalipa, unabeba unga. Unga ukitoka mbaya, shauri yako! Na sheria ililazimisha kampuni za mafuta kusagia hapo sehemu ya mzigo wao. Mteja hana pa kwenda, sasa mwenye mashine atahangaika kununua mpya ya nini?

Na ilikuwa imechoka kweli. Ilisafisha kama mapipa 35,000 kwa siku, lakini haikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito yawe petroli na dizeli. Kwa hiyo kila pipa liliacha mafuta mazito mengi, yale ya matanuri na meli, ambayo bei yake ni ya chini.

Mwaka 2012 utaratibu ukageuzwa, kiwanda kikaanza kujinunulia mafuta ghafi. Hasara ikahamia kwa mwenye mashine. Essar wakapiga hesabu ya kuifufua: zaidi ya dola bilioni 1, wakasema hailipi. Septemba 2013 usafishaji ukasimama, na 2016 serikali ikabaki na kiwanda chote. Matangi yakawa ghala. Hata mafuta ya Turkana yaliyouzwa nje Agosti 2019 yalihifadhiwa humo, yakaondoka ghafi vile vile.

Kwa hiyo mtu akiwaahidi kiwanda kipya, msiulize tu ni cha nani. Ulizeni, kikizeeka, hasara itakuwa ya nani?

Haya, tukutane wiki ijayo.