Vikundi vya Akina Mama Bukene: Tulikotoka na Tunachokichangia Mwaka Huu

Ndugu wana-Bukene, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila tunapoandaa harambee, swali linalorudi ni lile lile: fedha zitakazopatikana ziende kwenye shughuli gani? Mwaka huu tumekubaliana kuvipa kipaumbele vikundi vya akina mama. Kabla hatujafungua mifuko, ni vema tukumbushane historia, kwa kuwa kazi ya akina mama wa kwetu ilikuwepo muda mrefu kabla ya neno "mradi" kufika kijijini.

Enzi za misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, na hapo ikagawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Mzungu Speke alipanda kuelekea huko mwaka 1858, akaliona ziwa mwezi Agosti. Nchi yetu ipo upande huo wa kaskazini.

Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi na kutembea miezi mingi kwenda pwani na kurudi. Kwa desturi wanaume waliondoka kiangazi baada ya mavuno, wakitarajia kurudi mvua zinapoanza, lakini wengi walichelewa. Aliyebaki na jembe ni mama. Mtama, uwele, mahindi na karanga zilizolisha kaya ndizo pia zilizouzwa kwa misafara iliyopita. Wapo akina mama waliosafiri na waume zao, wakibeba vyungu na chakula cha njiani. Na wapo walioshika madaraka: baada ya Mtemi Isike kufariki mwaka 1893 akipigana na Wajerumani, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na mwanamke, Nyaso.

Kwa hiyo biashara ya chakula kwetu ni ya zamani, na mkono wa mama umo ndani yake tangu mwanzo.

Reli, vilabu na uhuru

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la kaskazini likafika Mwanza mwaka 1928. Bukene ikawa kituo cha treni. Lakini kodi ya fedha taslimu iliwasukuma wanaume wengi kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kwa mara nyingine shamba na watoto vikabaki mikononi mwa mama.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mawazo yake kuhusu shughuli za wanawake. Baraza la Wanawake la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1951, na vilabu vya wakati huo vilifundisha kushona, kupika na usafi wa nyumba. Elimu hiyo ilikuwa na manufaa, ila mkulima ambaye tayari alikuwa analisha kaya yake alitazamwa kama mke wa nyumbani tu. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 mambo yalibadilika. Bibi Titi Mohamed na wenzake walitumia vikundi vya ngoma na vyama vya kusaidiana ambavyo akina mama walikuwa navyo, wakavigeuza kuwa nguvu ya kudai uhuru. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufukia madimbwi ya mbu. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kampeni ile ilifaa kwa sababu mjadala wa kila kikundi uliishia kwenye kazi inayoonekana kwa macho.

Sanduku la kufuli tatu

Tangu miaka ya 1990 mkazo umekuwa kwenye mitaji. Kisha ukaenea utaratibu wa VICOBA ambao wengi wenu mnaufahamu. Wanachama kati ya 15 na 30 hununua hisa kila wanapokutana, hukopeshana, hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na mwisho wa mzunguko hugawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Haba na haba hujaza kibaba.

Sheria nayo imefungua milango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 lazima wawe wanawake. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarejeshwa. Lakini haifiki kwa kikundi kisichosajiliwa, kisicho na katiba wala akaunti ya benki. Hapo ndipo vikundi vingi vinakwama.

Tunachokichangia

Kutokana na historia hiyo tumechagua shughuli nne.

Kwanza, usindikaji wa chakula chetu. Michembe, matobolwa na nsansa mama zetu wanavijua tangu utotoni. Kinachohitajika ni vichanja vilivyoinuliwa juu na kufunikwa dhidi ya vumbi na nzi, vifungashio, na mafunzo ya SIDO.

Pili, hifadhi ya nafaka. Mpunga na mahindi huuzwa kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, na ifikapo Januari kaya ile ile inanunua kwa bei ya juu. Mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama kinga njaa, huua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Kikundi chenye mifuko hiyo na chumba kikavu kinaweza kusubiri bei.

Tatu, ufugaji wa nyuki. Mizinga ya magome ilitundikwa juu ya miti porini, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mizinga ya kisasa inakaa kwenye vichanja vifupi, na mama anaweza kuihudumia bila kupanda mti.

Nne, daftari na nyaraka: mafunzo ya kuweka hesabu, kuandika katiba, usajili, na hati miliki ya kimila kwa eneo la kikundi. Shughuli hii haipigiwi picha nzuri, lakini bila hiyo nyingine tatu zinamtegemea mtu mmoja, na akiondoka zinakufa.

Masharti ni mawili. Kikundi chenyewe ndicho kitakachochagua kianze na ipi, na fedha zitakaa mikononi mwa wanachama wenyewe. Pia mafunzo yote yafanyike kati ya Juni na Septemba. Mvua zetu huanza Novemba, na mama aliye shambani tangu alfajiri hatuwezi kumdai aje darasani mchana.

Ndugu zetu, mchango si fedha pekee. Mhasibu anaweza kukaa na kikundi siku mbili anapokuja likizo. Mwanasheria anaweza kupitia katiba. Mwenye duka Dar es Salaam au Mwanza anaweza kupokea mzigo wa matobolwa na kurudisha taarifa za soko. Na kila mmoja wetu anaweza kununua, maana mteja wa kwanza wa akina mama wa Bukene anapaswa kuwa mtoto wa Bukene.

Karibuni tuchangie.