Kitanda na Gari: Moteli za Marekani na Bei ya Kulala Mjini

Mgeni anayekwenda mjini kwa siku mbili tatu akiwa na gari lake hutafuta mambo mawili kwa pamoja, yaani mahali pa kulala na mahali pa kuegesha, na historia ya malazi nafuu nchini Marekani katika karne ya 20 kwa sehemu kubwa ni historia ya namna mambo hayo mawili yalivyouzwa kwa bei moja, kisha yakatenganishwa tena. Hoteli kubwa za mijini zilikuwa zimejengwa karibu na stesheni za reli, kwa wageni waliofika na masanduku tu. Gari la Ford Model T, lililoingia sokoni mwaka 1908 kwa dola 850 na kushuka hadi chini ya dola 300 kufikia katikati ya miaka ya 1920, liliwaingiza safarini wakulima, mafundi na makarani ambao hoteli hizo hazikuwatarajia. Msafiri wa aina hiyo alifika amejaa vumbi, akatoa bakshishi kwa mchukuzi wa mizigo ambaye hakumhitaji, kisha akalipa fedha nyingine ili gari lake lihifadhiwe katika banda la kukodi, ambalo mara nyingi lilikuwa zizi la farasi lililobadilishwa matumizi.

Wengi waliikwepa gharama hiyo kwa kulala mashambani kando ya barabara, na miji, ikiwa na tamaa ya fedha ambazo wageni wangetumia madukani, ikaanza kuwatengea viwanja vilivyoitwa kambi za magari, ambako mtu alisimamisha hema ubavuni mwa gari lake, akapata maji na jiko bila malipo. Kambi ya Overland Park mjini Denver, kando ya mto South Platte, ilijulikana miongoni mwa wasafiri wa nchi nzima. Ukarimu huo haukudumu, kwani katikati ya miaka ya 1920 miji mingi ilianza kutoza senti kadhaa kwa usiku, na sababu yake haikuwa mapato peke yake: magari yalipokuwa rahisi, kambi zilianza kupokea vibarua waliohama na familia zao kutafuta kazi, na ada ndogo ilitosha kuwazuia watu hao bila mtu yeyote kulazimika kutamka kwamba hawatakiwi. Kambi zilipoanza kutoza, watu binafsi walipata nafasi ya kushindana nazo kwa kujenga vibanda vya mbao vyenye kitanda.

Mnamo Desemba 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua Milestone Mo-Tel mjini San Luis Obispo, California, karibu nusu ya njia kati ya Los Angeles na San Francisco, na humo kila nyumba ndogo ya wageni ilikuwa na banda lake la gari. Huo ndio uliokuja kuwa mfano wa moteli, yaani nyumba ya wageni ambayo gari huegeshwa mlangoni pa chumba na bei ya kuegesha imo ndani ya bei ya kulala. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, hoteli za katikati ya miji zilipokuwa zikifilisika, makazi haya ya barabarani yaliendelea kuongezeka, kwa kuwa mwenye shamba lililopakana na barabara kuu aliweza kuyajenga kwa mikono yake mwenyewe. J. Edgar Hoover, mkuu wa idara ya upelelezi ya FBI, aliyashutumu mwaka 1940 katika makala ya jarida kuwa ni maficho ya wahalifu. Wasafiri waliendelea kulala humo.

Wakati huohuo ardhi ya mjini ilikuwa ikipewa bei yake. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine inayopokea sarafu na kupima muda wa gari kusimama, ilifungwa Oklahoma City tarehe 16 Julai 1935, ikitoza senti 5 kwa saa, baada ya mwanahabari Carl Magee kuanzisha mpango wa kuwazuia wafanyakazi wa maofisini kuegesha kutwa nzima mbele ya maduka. Kuanzia hapo tofauti kati ya kulala mjini na kulala pembezoni ikawa ya kuhesabika kwa sarafu.

Hesabu hiyo, hata hivyo, iliwafaa wasafiri weupe. Kwa Wamarekani Weusi, gari liliwaepusha na mabehewa ya ubaguzi lakini halikuwafungulia mlango wa moteli, na ndiyo maana Victor Hugo Green, mgawa barua aliyefanya kazi New Jersey, alianza mwaka 1936 kuchapisha mwongozo uliojulikana kama Green Book, ulioorodhesha hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na nyumba za watu binafsi waliokuwa tayari kumpangisha mgeni chumba kwa usiku mmoja. Msafiri Mweusi aliyekosa anwani ya namna hiyo aliendesha usiku kucha au akalala ndani ya gari, kwa hiyo maegesho na malazi kwake viliungana kwa maana ambayo Heineman hakuikusudia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo, mmiliki wa Heart of Atlanta Motel, yenye vyumba 216, aliipinga mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia mnamo Desemba mwaka huohuo bila jaji hata mmoja kupinga.

Biashara yenyewe ilikuwa imeshahamia mikononi mwa kampuni kubwa. Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis mwaka 1952, akiwa amekasirishwa na moteli zilizomtoza fedha za ziada kwa kila mtoto, na sheria ya barabara kuu ya 1956 ikapitisha magari nje ya barabara za zamani, ikiziacha moteli nyingi za familia bila wateja. Motel 6, iliyoanza Santa Barbara mwaka 1962, ilitoza dola 6 kwa usiku.

Moteli zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya chini, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na wanunuzi wengi walikuwa Wagujarati wenye asili ya India, ambao baadhi yao walitoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa kupewa siku 90. Uzoefu wao wa kuendesha duka ambalo familia inalala nyuma yake ulihamishika bila shida, kwani mume, mke na watoto waliishi ndani ya moteli, wakafua mashuka na kukaa mapokezi bila kuajiri mtu. Kufikia mwisho wa karne, takriban nusu ya moteli za nchi hiyo zilikuwa mali ya Wamarekani wenye asili ya India.

Kuhusu bei ya kuegesha iliyofichwa ndani ya bei ya kulala, Donald Shoup, profesa wa mipango miji, alionyesha katika kitabu chake cha 2005 kwamba maegesho ya bure hulipiwa na kila mtu, hata asiye na gari, kwa sababu sheria za miji zilimlazimisha mjenzi kutenga idadi fulani ya nafasi na gharama yake ikaingizwa katika bei ya chumba. Miji kadhaa imefuta masharti hayo, Buffalo ikiwa mojawapo mwaka 2017, na hoteli za katikati ya miji hutoza maegesho ya usiku kando ya chumba, kama ilivyokuwa kabla ya 1925. California ilipitisha mwaka 2022 sheria inayoondoa masharti ya maegesho karibu na vituo vikubwa vya usafiri wa umma, ila hoteli na moteli hazikuhusishwa.