Jinsi ya kuchagua programu ya malipo ya kila mwezi mjini Ndhiwa

MFANYABIASHARA anayeuza intaneti ya nyumbani mjini Ndhiwa, anayesambaza maji ya bomba vijijini au anayezoa taka kwa ada ya mwezi, huuza kitu kimoja mara nyingi kwa mteja yule yule. Faida yake haitokani na mauzo ya siku moja, bali na mteja kurudi kulipa mwezi baada ya mwezi. Akiwa na wateja 20, daftari linatosha. Wakifika 100, daftari huanza kumsaliti: aliyelipa hukatiwa huduma, asiyelipa huendelea kuitumia bure, na mwenye biashara hukesha akisoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo huja haja ya programu ya kompyuta ya kusimamia malipo ya mara kwa mara. Programu ya aina hii hutunza orodha ya wateja, huandaa ankara kila kipindi kinapoanza, hupokea taarifa za malipo, hutuma vikumbusho na, kwa baadhi ya huduma, hufungua au kufunga laini ya mteja bila mtu kuigusa.

Programu hizo ni nyingi sokoni. Hata hivyo, zile zinazosifiwa zaidi ulimwenguni ziliundwa kwa ajili ya nchi ambako mteja huandika nambari ya kadi yake ya benki mara moja tu, kisha fedha hukatwa zenyewe kila mwezi. Katika Kaunti ya Homa Bay na jirani yake Migori, wateja wengi hawalipi hivyo. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si programu ina uwezo wa kufanya mambo mangapi, bali kama inaelewa namna mteja wa hapo anavyolipa.

Kuvuta fedha na kusubiri fedha

Stripe Billing ya Marekani na Chargebee, iliyoanzishwa mjini Chennai, India, mwaka 2011, ni mifano ya programu zilizokua pamoja na malipo ya kadi. Nguvu yake kubwa ni kuvuta fedha: siku ikifika, programu huiomba benki ya mteja ilipe, na kadi ikikataa, hujaribu tena baada ya siku kadhaa.

M-Pesa, ambayo Safaricom iliizindua Machi 2007, ilijengwa kwa mpango mwingine. Mteja ndiye anayetuma fedha, naye huidhinisha kwa nambari yake ya siri. Biashara inaweza kutuma ombi la malipo likajitokeza kwenye skrini ya simu ya mteja, lakini asipobonyeza nambari hiyo, hakuna shilingi itakayotoka.

Mwaka 2024 Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba, huduma inayomwezesha mteja kupanga malipo yajirudie kwa tarehe anazochagua. Ni hatua muhimu kwa biashara za aina hii. Hata hivyo, mpango huo huidhinishwa na mteja mwenyewe, na akaunti isipokuwa na fedha za kutosha siku iliyopangwa, malipo hayafanyiki. Kwa hivyo programu bora kwa Ndhiwa ni ile iliyoundwa kusubiri fedha, kuzitambua mara zinapoingia na kumkumbusha mteja kwa adabu zinapochelewa.

Mapato yasiyofuata kalenda

Ndhiwa ni eneo la miwa. Kiwanda cha Sukari Industries kiko huko huko, na kile cha Sony kiko Awendo, Kaunti ya Migori. Muwa huchukua zaidi ya mwaka mmoja shambani kabla ya kukatwa, na mkulima hulipwa baada ya mavuno, si mwisho wa mwezi. Mwendeshaji bodaboda hupata fedha zake kila siku, mchuuzi huzipata siku ya soko, na mzazi mkongwe huenda akategemea mwanawe aliye Nairobi au Kisumu.

Programu inayojua mwezi pekee haiwafai watu hao. Inayofaa huruhusu vifurushi vya siku, wiki na mwezi, hupokea malipo ya nusu na kuyaweka kwenye akaunti ya mteja hadi yatimie, na huhifadhi malipo ya mapema ya miezi kadhaa bila kuyachanganya na deni la zamani.

Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa mkopo nchini Kenya mwaka 2012, ilionyesha kwamba mbinu hiyo inawezekana. Mteja hutoa kianzio, kisha hulipa kiasi kidogo cha kila siku kupitia simu. Asipolipa, mtambo hujifunga, akilipa, hufunguka. Biashara ndogo inaweza kuiga funzo hilo bila kuwa na mtaji kama wa kampuni hiyo.

Kuna pia jambo la hesabu ambalo wengi huligundua wamechelewa. Kifurushi cha siku 30 si sawa na cha mwezi wa kalenda. Mwaka una siku 365, ilhali vipindi 12 vya siku 30 ni siku 360. Tarehe ya malipo ya mteja wa siku 30 husogea kadiri miezi inavyopita, na wa kalenda atalipa tarehe ile ile. Aidha, aliyechelewa siku nne, je, kipindi chake kipya kianze siku aliyolipa au siku ya zamani? Kwa intaneti iliyokuwa imefungwa, ni haki kuanza siku ya malipo. Kwa huduma iliyoendelea kutolewa, ni haki kuhesabu tangu tarehe ya awali. Programu iruhusu yote mawili, na mteja aelezwe mapema.

Paybill au Till

Uamuzi mwingine hutangulia hata programu yenyewe. Anayelipa kwa nambari ya Paybill huombwa kuandika nambari ya akaunti. Anayelipa kwa nambari ya Till haombwi. Duka la rejareja halihitaji akaunti, kwani mnunuzi amesimama mbele ya muuzaji. Biashara yenye wateja 120 wanaolipa kiasi kimoja, tuseme Sh1,500, haiwezi kujua nani amelipa isipokuwa kwa akaunti.

Zamani baadhi ya wafanyabiashara walimtambua mteja kwa nambari ya simu iliyotuma fedha. Tangu mwaka 2022, Safaricom huficha nambari hiyo katika taarifa zinazopelekwa kwenye mifumo ya wafanyabiashara ili kulinda siri za wateja. Programu ya zamani inayotegemea simu ya mlipaji haifai tena. Hata kabla ya hapo mbinu hiyo ilikuwa na kasoro, kwa kuwa anayelipa si lazima awe anayetumia. Binti aliye Nairobi akilipia intaneti ya nyumbani kwa mamaye Kanyadoto, simu ni ya binti na laini ni ya mama.

Kwa sababu hiyo kila mteja apewe nambari fupi ya akaunti, rahisi kukumbuka na isiyofanana mno na ya jirani. Akaunti 1011 na 1101 ni chanzo cha ugomvi.

Malipo yanayopotea njiani

Safaricom ilifungua jukwaa la Daraja mwaka 2017 ili programu za biashara ziweze kuunganishwa na M-Pesa. Kupitia jukwaa hilo, biashara inaweza kuomba huduma ya kuhakiki malipo kabla hayajakubaliwa. Mteja akiandika akaunti isiyokuwepo, programu huyakataa, naye hujua papo hapo kwamba amekosea. Bila uhakiki huo, fedha huingia lakini hazina mwenyewe.

Muuzaji wa programu aulizwe maswali matatu kuhusu jambo hili. Je, programu yake huhakiki akaunti? Malipo yasiyotambulika huwekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuyahamishia kwa mteja anayestahili? Na je, umeme au intaneti ikikatika wakati taarifa ya malipo inatumwa, programu huitafuta taarifa hiyo baadaye au huisahau?

Swali la mwisho lina uzito katika maeneo ambako stima hupotea mara kwa mara. Programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya ofisini hulala pamoja na stima. Inayoendeshwa kwenye mitambo ya mbali hubaki macho, ingawa mwenyewe huhitaji intaneti ili kuifungua. Vyovyote iwavyo, kila jioni jumla iliyo kwenye programu ilinganishwe na taarifa ya M-Pesa. Zikitofautiana hata kwa Sh50, sababu itafutwe siku hiyo hiyo.

Kosa katika jambo hili si dogo. Mtu aliyelipa saa tatu usiku akaamka bila maji hatasikiliza habari za mitambo. Ataambia majirani, na majirani ndio soko.

Maji si intaneti

Intaneti hulipiwa mbele na kwa kiasi kisichobadilika. Programu zake huunganishwa na vifaa vya mtandao, kama vile vya MikroTik, ili kufungua na kufunga laini. Maji ya mita hulipiwa baada ya kutumiwa, na ankara hutegemea usomaji wa mita. Mradi wa maji unahitaji programu inayopokea usomaji kupitia simu ya mkononi, inayokumbuka usomaji wa mwezi uliopita na inayotoa onyo takwimu zikiruka ghafla, dalili ya bomba lililopasuka au kosa la msomaji. Isitoshe, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ada za watoa huduma wenye leseni huidhinishwa na Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB. Viwango katika programu viwe vile vilivyoidhinishwa.

Gharama halisi

Programu hulipiwa kwa njia mbili kuu: ada isiyobadilika, au asilimia ya makusanyo. Tuseme moja hudai Sh5,000 kwa mwezi na nyingine asilimia 2. Mwenye wateja 40 wa Sh1,500 hukusanya Sh60,000. Asilimia 2 ni Sh1,200 pekee, ilhali ada ya Sh5,000 ingekula zaidi ya asilimia 8 ya makusanyo yake. Akifikisha wateja 120, hukusanya Sh180,000, na asilimia 2 ni Sh3,600. Njia hizo mbili hulingana makusanyo yanapofika Sh250,000, yaani wateja takribani 167. Anayeanza achague asilimia, na aulize mapema iwapo anaweza kubadilisha mpango akikua.

Juu ya hayo kuna gharama za SMS na ada za M-Pesa, ambazo zinaweza kubebwa na biashara, na mteja au na wote wawili. Ujumbe wenyewe uwe unaweza kuhaririwa. Kikumbusho kwa Kidholuo au Kiswahili chepesi hueleweka kuliko Kiingereza cha kiwandani.

Kodi na siri za wateja

Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, kuanzia Januari 1, 2024, gharama za biashara kwa jumla hazikubaliwi kupunguza kodi ya mapato bila ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Mteja ambaye ni shule, zahanati au duka ataidai ankara hiyo. Programu inayoungana na eTIMS huokoa kazi ya kuandika kila ankara mara mbili.

Sheria hiyo hiyo iliweka kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara zenye mapato ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Mwenye wateja 120 wa Sh1,500 hupata Sh2.16 milioni kwa mwaka, na kwa kiwango hicho kodi yake ni Sh64,800, sawa na Sh5,400 kwa mwezi. Mapato yakifika Sh5 milioni, anapaswa pia kujisajili kwa ushuru wa thamani ya ziada, VAT. Programu itoe ripoti ya mwezi inayoonyesha mapato halisi, si ankara zilizoandikwa tu.

Majina, simu na mahali wanapoishi wateja hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Biashara ndogo sana husamehewa usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini msamaha huo hauwahusu watoa huduma za mawasiliano, hata wakiwa wadogo. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, na programu iandike nani alifuta deni la nani na lini. Wizi mwingi wa ndani hupitia kwenye kitufe cha kusamehe deni.

Kujaribu kabla ya kuhama

Programu isinunuliwe kwa maelezo ya muuzaji pekee. Wateja 10 wahamishiwe kwanza kwa vipindi viwili kamili, huku daftari likiendelea. Katika muda huo yajaribiwe makosa kwa makusudi: kulipa nusu, kulipa mara mbili, kuandika akaunti isiyokuwepo, kulipa usiku wa manane, kulipa huku intaneti ya ofisi ikiwa imezimwa. Programu inayopita majaribio hayo inafaa, hata kama sura yake si ya kuvutia.

Jaribio la mwisho ni la kutoka. Muuzaji aombwe kutoa orodha nzima ya wateja, salio na historia ya malipo katika faili inayofunguka kwenye programu nyingine. Nambari ya Paybill nayo isajiliwe kwa jina la biashara, si la mtengenezaji wa programu. Asiyeweza kuondoka na wateja wake wala nambari yake ya malipo hajanunua chombo cha kazi. Amejipatia mwenye nyumba mpya, na kodi itapanda wakati wowote.