Rubani anajuaje njia ndani ya mawingu?

Wasikilizaji wetu wa Chome mnajua mawingu yakifunika Shengena, kilele cha mita 2,462: hata njia ya miguuni haionekani. Rubani akiingia mawinguni, sikio humdanganya. Ndege ikigeuka taratibu, majimaji ya sikio la ndani hutulia, naye huhisi anakwenda sawa. Akiinyoosha, huhisi inalalia upande mwingine. Ndiyo maana hufundishwa kuamini vipimo: kimoja huonyesha mlalo wa mabawa, kingine kimo, kingine mwendo.

Michezo ya ndege za kivita kwenye kompyuta ina vipimo hivyo hivyo, na mawingu pia. Lakini kiti cha mchezaji kimetulia, hivyo sikio halidanganywi. Mchezo hufundisha kusoma vipimo. Kukataa kuuamini mwili wako hufundishwa angani, mwalimu akiwa pembeni.