Kisisimua Neva: Jina la Kifaa na Kazi Yake

Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoshea kiganjani. Kina betri, vitufe vya kuongeza na kupunguza nguvu, na nyaya nyembamba ambazo kila moja huishia kwenye pedi ya kunata inayobandikwa mwilini. Wenye maumivu ya mgongo, magoti au bega hukinunua dukani au huletewa na ndugu aliye ughaibuni, wakakitumia nyumbani bila mtaalamu karibu. Kimeingia majumbani kabla hakijapata jina. Muuzaji hukiita mashine ya masaji, jirani hukiita mashine ya shoti, na anayekisifu sana atakwambia ni mashine ya kutibu mgongo. Juu ya boksi zimeandikwa herufi nne tu: TENS.

Majina hayo ya mitaani yana madhara. Aliyeambiwa ni masaji husubiri misuli yake ikandwe, na asipoona hilo hudhani kifaa ni kibovu. Aliyeambiwa ni shoti huogopa kupandisha nguvu ifike kiwango cha kufaa, akakaa nusu saa nzima na pedi zisizomfanyia lolote. Aliyeambiwa kinatibu huacha mazoezi aliyopewa hospitali, akingoja umeme uondoe ugonjwa. Kwa kifaa ambacho mtu hujitumikia mwenyewe, mara nyingi jina ndilo maelezo pekee anayoyapata kwa lugha yake. Kwa hiyo jina hilo lazima limwelekeze.

Herufi hizo nne zimetokana na maneno manne ya Kiingereza. La kwanza, lenye asili ya Kilatini, lina maana ya kupitia ngozi. La pili linataja umeme, la tatu neva, na la nne usisimuaji. Yakipangwa kwa mpangilio wa Kiswahili tunapata usisimuaji wa neva kwa umeme kupitia ngozi. Hilo ni jina la mbinu, nalo linafaa vitabuni na kwenye faili la mgonjwa. Kwa kifaa chenyewe napendekeza kisisimua neva. Muundo wake tunao tangu zamani katika kipaza sauti, kipima joto, kinasa sauti na kizima moto: kiambishi cha kifaa, kisha kitenzi, kisha kinachotendewa. Hata anayelisikia kwa mara ya kwanza atajua kwamba ni chombo na kwamba kuna jambo ambalo kinakifanyia kitu kingine.

Ubishi wa kwanza utakuwa juu ya neno neva. Wengi wetu husema mishipa ya fahamu, na ni msemo mzuri, kwa maana unabeba habari kwamba hii ndiyo mishipa inayotufanya tuhisi. Tatizo ni kwamba mshipa umebebeshwa mambo mengi. Unaopitisha damu ni mshipa. Kano inayojitokeza shingoni mtu akikasirika tunaiita mshipa. Na tukisema fulani ana mshipa tunaweza kumaanisha ngiri. Mgonjwa akiambiwa kwamba kifaa kinasisimua mishipa ana kila sababu ya kudhani kinasukuma damu, na kuna wauzaji wanaonadi hivyohivyo, kwamba damu itazunguka vizuri. Neva ni neno la mkopo, limezoeleka mashuleni na lina maana moja. Mhudumu anayemweleza mgonjwa aanze na mishipa ya fahamu ili aeleweke, kisha aendelee na neva ili asichanganye.

Kitenzi kinahitaji uangalifu zaidi. Kuchochea kilikuwa jirani kabisa, lakini kichocheo kimekwisha kupewa kazi nyingine: wanabiolojia hukitumia kwa homoni, na wanakemia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko. Kushtua kina hofu ndani yake. Aliyewahi kurushwa na pasi mbovu hatabandika mgongoni kitu kinachoitwa kishtuaji. Kutuliza kinavutia, ila kinaahidi matokeo, na kifaa hiki hakimtulizi kila mtu. Kusisimua kinataja tendo lenyewe bila kuahidi mwisho wake. Tena ni kitenzi kilichotoka mwilini. Mwili husisimka kwa baridi, kwa hofu, kwa kaswida iliyoghaniwa vizuri. Vinyweleo husimama na ngozi huhisi kitu kinatambaa. Mtu akiwasha kifaa na kupandisha nguvu polepole, hisia ya kwanza anayoipata chini ya pedi ni hiyo ya kutambaa. Istilahi inakuwa imemwambia mapema anachopaswa kuhisi.

Kwa nini msisimko upunguze maumivu? Neva zinazotoka ngozini na viungoni haziko sawa. Zipo nene, zilizozungukwa na ala ya mafuta, zinazopeleka habari za kuguswa kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Zipo nyembamba zisizo na ala, ambazo hubeba maumivu yale ya kuchoma na kuvuta, na kasi yake haizidi sana mita 2 kwa sekunde. Ukijikwaa kidole, unajua kwanza kwamba umegonga kitu, na maumivu yenyewe yanakujia baada ya kitambo kidogo. Aina zote mbili huingia katika kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo kabla habari hazijapanda ubongoni.

Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtaalamu wa neva kutoka Uingereza, walichapisha katika jarida la Science nadharia iliyobadilisha fikra za watu kuhusu maumivu. Walisema kwamba pale kwenye uti wa mgongo pana lango. Neva nene zikiwa na shughuli nyingi, lango hubana, na habari za maumivu zinazopita kwenda ubongoni hupungua. Mtoto akigonga goti, mama yake hulisugua kabla hajauliza limegongwa na nini. Kusugua kule kunazipa kazi neva nene. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimesahihishwa baadaye, lakini wazo kwamba uti wa mgongo huchuja maumivu limebaki imara. Mwaka 1967 Wall na daktari wa upasuaji William Sweet walieleza jinsi umeme wa mapigo mafupi ulivyopunguza maumivu ya wagonjwa waliokuwa wameteseka muda mrefu. Umeme ulifaa kwa sababu neva nene huitikia nguvu ndogo kuliko nyembamba, kwa hiyo inawezekana kuziamsha zile za kuguswa na kuziacha za maumivu zimelala.

Umeme wenyewe ulitangulia nadharia kwa karne nyingi. Scribonius Largus, tabibu wa Roma wa karne ya 1, alimshauri mwenye jongo asimame ufukweni, penye maji, juu ya samaki hai wa jamii ya taa mwenye umeme mwilini, mpaka ganzi ipande hadi gotini. Samaki yule hakuwa na kitufe cha kupunguza nguvu, na ganzi aliyoitafuta Scribonius ni tofauti na tunachokitafuta leo. Hii ni sababu ya kulikataa pia jina la mashine ya ganzi, endapo mtu atalipendekeza. Ganzi ni neva kunyamaza. Kisisimua neva kinazitaka ziseme.

Ipo njia ya pili ambayo kifaa hufanya kazi. Mapigo yakiwa ya polepole na yenye nguvu, mwili hutoa kemikali zake wenyewe zinazofanya kazi kama mofini. Kundi la kwanza la kemikali hizo, enkefalini, lilitambuliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Uskoti.

Sasa tuje kwenye vitufe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kifaa kina vipimo vitatu. Idadi ya mapigo kwa sekunde huandikwa kwa alama ya Hz: kati ya 80 na 100 huleta msisimko mororo unaoendelea, na kati ya 2 na 4 huleta mdundo unaohesabika ambao unaweza kuurusha msuli. Upana wa pigo hupimwa kwa mikrosekunde, na anayeanza anaweza kuuacha kama alivyoukuta. Kipimo cha tatu, nguvu, ndicho kinachoamua kila kitu, na ndicho watu hukiogopa. Msisimko hafifu unaohisiwa kwa shida hautoshi. Nguvu ipandishwe mpaka msisimko uwe mkali lakini usiume, na kwa kuwa mwili huuzoea baada ya dakika chache, ipandishwe tena kidogo. Ikifika mahali ngozi inachoma au msuli unabanwa kwa uchungu, imezidi, ishushwe. Narudia hili kwa sababu majaribio mengi yaliyosema kifaa hakifai yalitumia nguvu ndogo mno, na wagonjwa wengi nyumbani hufanya vivyo hivyo kisha hukitupa kabatini.

Pedi zibandikwe kwenye ngozi safi na kavu, pembezoni mwa mahali panapouma, zisigusane. Kifaa kiwashwe baada ya pedi kukaa sawasawa na kizimwe kabla ya kuzibandua. Nusu saa hadi saa moja kwa kikao ni muda wa kawaida. Kama kila siku unatumia mpangilio mmoja, unafuu unaweza kupungua, na hapo kubadilisha idadi ya mapigo husaidia. Wakati mzuri wa kukitumia ni ule unapotaka kufanya kitu: kutembea, kupanda ngazi, kufanya mazoezi ya goti uliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2020, kwa wanawake wenye fibromayaljia, yaani maumivu sugu yaliyoenea mwili mzima, ulionyesha kwamba maumivu wakati wa kujongea yalipungua zaidi kwa waliotumia kifaa kuliko kwa waliopewa cha bandia.

Kuhusu ushahidi kwa jumla, msomaji asidanganywe na upande wowote. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilishauri kifaa hiki kisitolewe kwa ajili ya maumivu ya mgongo wa chini. Mwaka 2022 wachambuzi waliokusanya majaribio 381 walichapisha katika BMJ Open kwamba maumivu hupungua wakati kifaa kinatumika au mara tu baada ya hapo, kuliko kwa kifaa bandia, na kwamba madhara makubwa ni nadra. Mimi naona kauli hizo mbili zinaweza kukaa pamoja. Kifaa hupunguza ukali wa maumivu kwa muda. Hakijengi upya gegedu lililolika wala hakirudishi mahali pake pingili iliyohama. Ndiyo maana neno tiba halimo katika istilahi ninayoipendekeza, na nawaomba wanaokiuza wasilirudishe.

Neno ngozi katika jina refu lina kazi pia. Umeme unapita ngozini bila sindano na bila kupasua, kwa hiyo ngozi ndiyo mlango na ndiyo mlinzi. Usibandike pedi penye kidonda, upele au jipu. Usibandike pasipohisi, kwa mfano nyayo zilizokufa ganzi kwa kisukari, maana hapo mlinzi amelala na unaweza kujichoma bila kujua. Usiweke pedi mbele ya shingo, zilipo neva zinazogusa mapigo ya moyo na pumzi, wala kwenye macho. Aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikitumie bila idhini ya daktari wake. Mwenye kifafa na mwenye saratani nao waulize kwanza. Mjamzito asikibandike tumboni wala kiunoni kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama amesikia kwamba Uingereza wapo wanaokikodi kwa ajili ya uchungu wa kuzaa. Kisitumike bafuni, usingizini wala mtu akiendesha gari.

Madukani kisisimua neva hukaa karibu na ndugu yake, kisisimua misuli. Vinafanana sana kwa nje, na baadhi ya mashine hufanya kazi zote mbili kwa kubadilisha kitufe. Kisisimua misuli hukusudia msuli ukaze na kulegea, kwa mfano paja lililodhoofika baada ya upasuaji wa goti. Mwenye maumivu akikinunua kwa kudhani ni kitu kilekile ataishia kurushwarushwa msuli uliokwisha kuchoka. Majina haya mawili yakisimama bega kwa bega, tofauti yao inasikika katika neno moja la mwisho, na mnunuzi anaweza kuuliza swali sahihi kabla hajalipa.

Wafamasia, wataalamu wa fiziotherapia na wafanyabiashara wanaoingiza vifaa hivi wanaweza kuanza kulitumia jina hili leo, huku Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wanaistilahi wengine wakilipima kwa utaratibu wao. Kila boksi liwekwe karatasi moja ya Kiswahili yenye jina la kifaa, picha ya mahali pa kubandika pedi na orodha ya wasioruhusiwa kukitumia. Na mstari wa kwanza wa karatasi hiyo, kwa herufi kubwa kuliko zote, uwe huu: ukiwa na maumivu ya kifua, au mgongo unaouma pamoja na homa, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, usiwashe kifaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.