Baldur's Gate, duka lisilo na kufuli na hofu ya siku nne

WATEJA wa duka la michezo ya kompyuta la GOG, lililoanzishwa nchini Poland, walifungua tovuti yao Septemba 19, 2010 na kukuta duka halipo. Mahali pake palikuwa na tangazo fupi lililosema kwamba huduma haiwezi kuendelea katika hali iliyokuwa nayo, kwamba ukurasa huo wa historia unafungwa, na kwamba katika wiki hiyo ingewekwa njia ya kuwawezesha wateja kupakua upya michezo waliyokwisha kuilipia.

Septemba 23 duka lilifunguliwa tena, likiwa na sura mpya na likiuza Baldur's Gate, mchezo ambao wapenzi wa michezo ya zamani walikuwa wakiusubiri kwa hamu. Kumbe tangazo la kufungwa lilikuwa hila ya kibiashara tu. Hata hivyo, katika siku hizo nne wateja walilazimika kujiuliza swali ambalo kwa kawaida mnunuzi halifikirii mpaka yamemfika: anayelipia mchezo kupitia mtandao huwa amenunua nini hasa?

Duka hilo lilianza mwaka 2008 kwa majaribio, likijulikana kwa jina la Good Old Games, yaani michezo mizuri ya kale. Kazi yake ilikuwa kutafuta haki za michezo iliyokwisha kutoweka madukani, kuirekebisha ili ikubali kufanya kazi kwenye kompyuta mpya, na kuiuza kwa bei nafuu. Miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa ilikuwamo Fallout, iliyotoka kwa kampuni ya Interplay.

Jambo lililolitofautisha na maduka mengine lilikuwa kukataa kufuli za kidijitali, zinazojulikana kwa kifupi kama DRM. Kufuli hizo ni programu zinazofungamanishwa na mchezo ili kuhakikisha kwamba anayeucheza ndiye aliyeulipia. Baadhi hudai diski halisi iwemo ndani ya kompyuta, nyingine huhesabu idadi ya kompyuta zilizowekewa mchezo, na nyingine huwasiliana na mtambo wa kampuni kwa njia ya intaneti kabla ya kuruhusu mchezo kuanza. Mtambo huo ukizimwa, au kampuni ikifilisika, mnunuzi halali hubaki na kitu kisichofunguka. Aliyepakua nakala ya wizi, ambayo kufuli yake imekwisha kuvunjwa, huendelea kucheza bila bughudha. Ni kinyume cha haki ambacho wachezaji wamekilalamikia kwa miaka mingi, na ni vigumu kusema wanakosea.

Mteja wa GOG, kwa upande wake, hupewa faili la kuuweka mchezo kwenye kompyuta. Akilipakua anaweza kulihifadhi kwenye diski yake, kulinakili kwa matumizi yake, na kulitumia miaka kumi baadaye bila kumwomba mtu ruhusa.

Kutokana na hali hiyo, tangazo la Septemba 2010 liliwagawa wateja pasipo kukusudia. Waliokuwa wamepakua mafaili yao na kuyatunza hawakuwa na la kupoteza zaidi ya duka lenyewe. Waliokuwa wamelipa na kuyaacha mafaili dukani, wakiamini kwamba yapo tu na watayachukua watakapopata nafasi, ndio walioshikwa na hofu. Kutokuwapo kwa kufuli hakukuwasaidia, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwa mikononi mwao.

Viongozi wa duka walipojitokeza kueleza ukweli, walifanya hivyo kwa video wakiwa wamevaa majoho ya watawa, mithili ya watu waliokuja kutubu. Wapo waliocheka na kusamehe papo hapo, hasa waliposikia kwamba Baldur's Gate imepatikana. Wengine walisema wazi kwamba duka linaloishi kwa kuaminiwa halina sababu ya kuichezea imani ya wateja wake ili lipate kuzungumzwa. Hoja ya kundi la pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mfanyabiashara anayewaambia watu kwamba bidhaa zake haziwezi kunyang'anywa, kisha akawatisha kwamba zimepotea, hujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Ili kuelewa kwa nini mchezo mmoja uliweza kutuliza hasira hizo, inafaa kuutazama wenyewe. Baldur's Gate ulitengenezwa na BioWare, kampuni ya mjini Edmonton, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba, na ulitolewa na Interplay mwishoni mwa mwaka 1998. Ni mchezo wa uhusika: mchezaji hubuni mhusika wake, humpa tabia na ujuzi, kisha humwongoza katika safari ndefu akiwa na wenzake hadi watano, akichagua maneno ya kusema na upande wa kusimamia. Kanuni zake zilitoka katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974.

Toleo la kwanza lilijaa kwenye diski tano, na mchezaji alilazimika kubadilisha diski kila alipohamia sehemu nyingine ya nchi hiyo ya kubuni. Toleo la GOG la mwaka 2010 liliunganisha mchezo huo na nyongeza yake, Tales of the Sword Coast, likauzwa kwa dola 9.99 za Marekani. Diski hazikuhitajika tena. Muda si mrefu vikafuata Planescape: Torment na sehemu ya pili ya Baldur's Gate.

Kwa waanzilishi wa duka hilo, mchezo huo ulikuwa na maana nyingine ya zamani zaidi. Marcin Iwiński na Michał Kiciński, waliosoma pamoja sekondari mjini Warsaw, walianzisha kampuni ya CD Projekt mwaka 1994, mwaka uleule Poland ilipopata sheria mpya ya hakimiliki. Hadi wakati huo nakala za wizi za michezo na programu ziliuzwa hadharani katika masoko ya nchi hiyo, na wanunuzi wengi hawakuona kosa lolote.

Mwaka 1999 kampuni hiyo ilichukua jukumu la kuitafsiri Baldur's Gate kwa Kipolandi. Iliwatumia waigizaji mashuhuri kuwapa wahusika sauti, ikatengeneza sanduku lenye ramani, kitabu cha kanuni na diski ya muziki, kisha ikasubiri. Hesabu ya biashara ilikuwa rahisi: mwizi naye alipaswa kunakili diski tano, hivyo bei yake haikuwa ya kutupa, na sanduku zuri hakuweza kuliiga. Kwa maelezo ya Iwiński, nakala 18,000 ziliuzwa siku ya kwanza, kiasi ambacho soko la Poland halikuwa limezoea.

Somo walilolipata katika mauzo hayo, kwamba mteja hushindwa kuiba pale anapopewa kitu bora kuliko cha mwizi, ndilo walilolipeleka kwenye GOG. Mei 17, 2011 CD Projekt ilitoa mchezo wake yenyewe, The Witcher 2. Nakala za madukani zilikuwa na kufuli ya SecuROM, ila za GOG hazikuwa na kufuli yoyote. Iwiński alisimulia baadaye kwamba nakala iliyosambazwa kwanza na maharamia haikuwa ile iliyo wazi bali ile yenye kufuli, iliyovunjwa. Kabla ya mwezi huo kwisha kampuni ikaiondoa kufuli hiyo kwa marekebisho.

Si kwamba wizi ulikoma. Mwishoni mwa mwaka 2011 Iwiński alikadiria kuwa nakala za wizi za mchezo huo zilifikia milioni 4.5. Wanasheria walioajiriwa kwa niaba ya kampuni waliwapelekea barua za madai watu waliotuhumiwa nchini Ujerumani, wachezaji wakapiga kelele kwamba huenda wasio na hatia wanatishwa, na Januari 2012 kampuni ikatangaza kuachana na barua hizo.

Jaribio halisi la ahadi ya GOG, lisilo la kuigiza, lilikuja mwishoni mwa mwaka 2013. Haki za kuuza michezo ya zamani ya Fallout ziliondoka kwa Interplay, na michezo mitatu ikatolewa kwenye rafu za duka hilo. Kabla ya hapo, Desemba, duka liliigawa bure kwa siku chache. Waliokuwa nayo walibaki nayo. Michezo hiyo ilirudi kuuzwa mwaka 2015.

Kisheria, hata mteja wa GOG hupewa leseni ya kutumia na si umiliki kamili, na masharti ya duka yanasema hivyo. Tofauti iko katika utekelezaji, kwa sababu faili lililokwisha kuwa nyumbani kwa mtu halifungwi kutoka mbali. Septemba 2024 gavana wa jimbo la California, Marekani, alisaini sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Januari 2025, haiwagusi wanaouza bidhaa ambazo mteja anaweza kuzipakua na kubaki nazo daima. Duka kubwa la Steam liliweka tangazo la aina hiyo kwenye ukurasa wake wa malipo mwezi Oktoba 2024, na GOG haikuchelewa kuwakumbusha wateja kuhusu mafaili yao.

Baldur's Gate nayo ilipata sehemu ya tatu. Ilitengenezwa na Larian Studios ya Ubelgiji na kutolewa kwa kompyuta Agosti 3, 2023, ikiuzwa Steam na GOG siku hiyohiyo. Mwishoni mwa Desemba 2025 ilitangazwa kwamba Michał Kiciński anainunua GOG kutoka CD Projekt, na kwamba utaratibu wa kuuza michezo bila kufuli utaendelea.